Mishono ya Godoro

2 Machi

Nesi wa zahanati kasema niandike. Kila nikimgeuza mke wangu niandike upande, saa, na ngozi ilivyo. Nikamwambia mimi ni kinyozi, kalamu yangu ni wembe. Akanitazama kwa yale macho yao ya kazini, akasema, "Baba, vidonda vya kulala havisubiri mtu ajifunze kuandika." Basi nimenunua daftari.

Mke wangu alishikwa na kiharusi kabla mvua hazijaanza. Upande wa kulia hausikii, mkono wala mguu. Maneno yanamtoka moja moja, mazito, kama anayeongea na tonge mdomoni. Lakini akili ni ileile na ukali ni uleule. Leo nimemgeuza vibaya akasema, "Mimi... si gunia."

Asubuhi kushoto. Mchana chali. Jioni kulia. Ngozi nyekundu kidogo kwenye nyonga.

3 Machi

Mvua. Kushoto, chali, kulia.

5 Machi

Shemeji amekuja kukaa. Ndiye mdogo wa mke wangu, wa pekee aliyebaki. Hana mume wala mtoto. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni hadi walipompumzisha. Amekuja na begi moja la kitambaa, na pasi yake mwenyewe ameifunga kwenye taulo, utadhani kwangu hakuna pasi.

Sisi wawili hatujawahi kupikika chungu kimoja. Siku ya harusi yangu alisema nyumba ya kinyozi itanuka nywele maisha yote. Sijasahau, na naona naye hajasahau.

Hakuniamkia. Alipita moja kwa moja chumba cha nyuma, akainua shuka, akainamisha pua juu ya godoro.

"Shemeji, hili godoro lina mkojo wa mwezi mzima."

"Shuka nabadilisha kila siku."

"Shuka ndiyo. Godoro je? Unamvalisha maiti suti."

Mke wangu akacheka. Nusu ya uso tu, lakini alicheka. Sijamwona akicheka tangu augue. Nikakasirika, wala sijui kwa nini.

8 Machi

Leo godoro limefuliwa. Sikujua kama godoro la sponji linafuliwa.

Tulimkalisha mgonjwa sebuleni kwenye kiti kikubwa, tukamzunguka kwa mito asianguke. Shemeji akavua kile kitambaa cha juu akakichemsha. Sponji akaimwagia maji ya siki kidogo kidogo, akaikandamiza kwa taulo kavu, akamwaga tena, akakandamiza tena, mpaka taulo likawa linatoka jeupe. Kisha ikaja shida yenyewe. Godoro linataka jua, na jua hatuna. Akalisimamisha karibu na jiko la mkaa, akawa analigeuza kutwa nzima kama mtu anayechoma mkate. Nyumba ilinuka siki na moshi. Jioni akashona mfuko wa nailoni wa kulivika ili mkojo usipenye tena.

Mkono wake ni mwepesi. Hilo nalikiri.

11 Machi

Mvua. Dukani wateja wawili, mmoja alikuja kujikinga tu.

14 Machi

Asubuhi mke wangu alikuwa na vipele shingoni, vitatu kwa mstari. Upande ule hawezi kuukuna, na mkono mzima haufiki. Akasema, "Kuna kitu... kinatembea."

Shemeji akapindua pembe ya godoro, akafungua mshono kwa kucha. Vidoa vyeusi, kama mtu amegusagusa na ncha ya kalamu. Maganda makavu. Kisha mmoja mzima, bapa, rangi ya chai, akikimbilia gizani.

"Kunguni," akasema, kama anayetaja jina la jirani mbaya.

Tumekaa nyumba hii tangu kijana wetu yuko tumboni. Kunguni hatujawahi kuwaona.  Nililitazama lile begi la kitambaa pale pembeni.

17 Machi

Nimesema. Tulikuwa tunakunywa chai, mke wangu alikuwa ameumwa tena, mpaka kwenye kope, na maneno yakanitoka.

"Sisi kunguni hatukuwa nao kabla ya begi lako."

Shemeji alikuwa anapiga pasi. Akaisimamisha pasi polepole. Akachukua begi, akatoka nalo barazani, akalimwaga lote sakafuni mbele yangu. Magauni, sweta, nguo za ndani, picha ya marehemu mama yao. Akageuza kila kimoja nje ndani, mshono kwa mshono, akikinyoosha mwangani. Majirani walikuwa madirishani. Hapakuwa na mdudu hata mmoja. Akakunja kila kitu upya, bila haraka.

"Umeridhika, Shemeji?"

Nikaenda dukani bila koti, kwenye mvua.

18 Machi

Hajanisemesha. Chakula nakikuta mezani kimefunikwa. Mke wangu naye amenigeuzia uso, na kwake yeye kugeuza uso ni kazi.

20 Machi

Nimekaa nikimwangalia anavyopigana nao.

Kila asubuhi anakitenganisha kitanda. Chaga moja moja anazitoa nje, anazimwagia maji yanayochemka kwenye kila ufa, anaziba nyufa kwa sabuni ya kipande. Kitanda amekivuta mbali na ukuta, na kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye mafuta ya kula yaliyokwisha kutumika, mdudu akipanda azame. Godoro analipitisha pasi kwenye mishono, juu ya kitambaa chenye maji. Ukinyamaza unawasikia wakipasuka. Mwishoni anafumba macho na kupitisha vidole kwenye mshono, kuanzia kichwani mpaka miguuni, akitafuta mayai.

"Vidole vinaona kuliko macho," alisema. Alikuwa anamwambia dada yake, si mimi.

21 Machi

Kulia, chali, kushoto. Mvua.

24 Machi

Kijana wetu amekuja. Ana duka la rangi upande wa pili wa mji. Huja Jumapili, husimama mlangoni mwa chumba, humuuliza mama yake hali huku akitazama dirisha. Si kwamba hampendi. Hawezi kumtazama, ndiyo kweli yenyewe. Huwa anatafuta kitu cha kutengeneza, kitasa au balbu, akishakitengeneza anaondoka.

Leo alimwona mama yake ana vipele usoni. Akaja kwangu jikoni na hasira.

"Baba, mnapoteza wakati na pasi. Kuna dawa. Unapiga mara moja, unasahau."

"Dawa gani hiyo?" Shemeji aliuliza kutoka kwenye karai.

"Dawa, Mama Mdogo. Ya wadudu wa shambani. Hawa ni sugu. Dawa ya moto ni moto."

"Dawa ya moto ni maji, mwanangu. Aliyesema moto hakuwa amelala ndani."

Kijana akakaza kitasa cha mlango wa jikoni, ambacho hakikuwa kimelegea, akaenda zake.

31 Machi

Leo nimepata jibu ambalo sikuwa nimeliuliza.

Yuko mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, kichwa kizima kipara isipokuwa juu ya masikio. Huja kila wiki, nami namnyoa kila wiki kwa heshima zote, kama mwenye msitu. Alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri zamu, akawa anajikuna paja.

"Fundi, benchi lako linauma."

Nikacheka. Alipoondoka nikaufunga mlango, nikauchana ule mto wa benchi kwa wembe. Mto huo niliupata Januari kwa mtu aliyekuwa anafunga baa yake. Ndani walikuwa wamejaa kama mchele.

Juu ya benchi hilo ndipo ninapotundika koti langu kila siku. Jioni nikifika nyumbani nalitundika kwenye msumari ulio juu ya kitanda cha mke wangu, kwa sababu napitia kwake kwanza.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, leo nimeiona ina miguu sita.

1 Aprili

Nilimkuta Shemeji anaosha vyombo. Nilizunguka jikoni weee, mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu.

"Wale wadudu," nikasema. "Walitoka dukani kwangu."

Hakugeuka. "Koti?"

"Koti."

"Basi kuanzia leo litundikwe nje. Na lipigwe pasi." Akasuuza sufuria, akaipindua. Nilidhani yameisha, halafu akasema, "Kunguni hana kwao, Shemeji. Anapolala ndipo kwake. Kama mimi."

 Nilichukua kitambaa nikafuta vyombo. Sijafuta vyombo katika nyumba hii tangu niijenge.

7 Aprili

Jua. Jua kabisa, tangu asubuhi mpaka alasiri.

Tulilitoa godoro mimi na Shemeji, kila mtu pembe zake, tukalilaza juu ya ukuta mfupi wa uani. Mgonjwa tulimweka barazani. Akaomba nimpunguze nywele, nikaleta mkasi wa dukani. Nikawa nakata, na wao wanagombana. Utotoni walilala godoro moja, na kila mmoja anadai ni mwenzake aliyekuwa anapiga mateke.

"Tena... ulikuwa unakojoa," mke wangu akasema.

"Na sasa anayekojoa ni nani?"

Walicheka mpaka Shemeji akakaa chini. Machozi yalimtoka mke wangu jicho la kushoto na jicho la kulia, yote mawili. Nilisimama na mkasi wangu nikingoja watulie.

Siku ya nne bila kipele kipya.

10 Aprili

Mvua imerudi.

13 Aprili

Nyonga imefunguka. Ule wekundu umekuwa kidonda, mdomo wake upana wa kifuniko cha soda. Nesi alipofungua bandeji mdudu alitoka chini ya pamba.

Nesi alitusemesha nje, mimi na Shemeji. "Wakiendelea kumng'ata, ngozi haitapumzika. Usaha ukiingia mpaka kwenye mfupa, mimi sitakuwa na la kufanya. Nawaambia mapema."

Shemeji aliinamisha kichwa kama aliyetukanwa. Alipoingia ndani alianza upya: chaga, maji ya moto, pasi, vidole. Mikono yake imebabuka kwa maji. Nilimwambia apumzike. Akasema atapumzika jua likiwaka.

15 Aprili

Dukani. Kijana mmoja alikuja kunyolewa, ana usaili wa kazi. Nimefika nusu ya kichwa, mdudu akatembea juu ya shuka jeupe nililomvika kifuani, taratibu, kama mwenye duka. Kijana akasimama, akalivua shuka, akatoka mvuani na nusu kichwa.

Kabla ya mchana mtaa mzima ulikuwa unajua. Alasiri hakuja mtu.

16 Aprili

Kijana wetu alinikuta dukani nimekaa kwenye kiti cha wateja, najitazama kwenye kioo. Habari alikuwa ameipata.

Akatoa chupa ya maji kwenye mfuko. Ndani kulikuwa na kitu cha njano, kizito. Haikuwa na karatasi ya jina.

"Muuzaji kasema unapiga asubuhi, unafunga chumba, jioni unafungua. Wamekwisha, na mayai yao."

"Mama yako Mdogo hatakubali."

"Kesho si ndiyo siku yake ya kufuata dawa za Mama? Foleni ile haiishi kabla ya jioni. Akirudi atakuta kitanda safi. Akigomba, agombe."

Nilifikiria kidonda kile. Na nisijidanganye, nilifikiria pia kile kichwa kilichotoka nusu.

"Fanya," nikamwambia.

17 Aprili

Ukurasa huu niliuacha wazi, ninaujaza siku mbili baadaye. Mengine niliyaona mwenyewe, mengine nimeyapata kwa mke wangu, neno kwa neno, na machache kwa kijana.

Shemeji aliondoka asubuhi na mwavuli. Tukamtoa mgonjwa, tukamkalisha sebuleni. Akauliza, "Nini?" Nikamwambia tunasafisha. Kijana akajifunga kitambaa puani, akapulizia godoro lote, mishono, chaga, ukuta. Harufu ilikuwa ya vitunguu saumu vilivyooza. Tukafunga dirisha na mlango. Nikamwambia akae na mama yake mpaka jioni, na Mama Mdogo akirudi amwambie mapema asiingie chumbani. Akaitikia. Mimi nikaenda kusafisha duka.

Baadaye akapigiwa simu kwamba lori la rangi limefika na hakuna wa kulipokea. Mama yake alikuwa amesinzia kitini. Aliona ataenda na kurudi mara moja.

Zahanati siku hiyo dawa hazikuwapo. Foleni nzima ilirudishwa. Shemeji alifika nyumbani hata mchana haujaingia, amelowa, akamkuta dada yake peke yake, ameteleza kitini, amejichafua, anatetemeka kwa baridi, kidonda kimekaliwa.

Akamwosha. Akafungua chumba. Mke wangu anasema alisimama mlangoni akauliza, "Wamemwaga nini humu?" Akafungua dirisha lote akangoja. Lakini mvua ilikuwa inaingia mpaka kitandani, na mgonjwa meno yanagongana, na kwenye kile kiti hawezi kukaa. Basi Shemeji akafanya alilolijua. Alichukua maji na kitambaa akalifuta godoro. Akalifuta juu, akalifuta chini, kisha akapitisha vidole kwenye mishono, yote, mpaka miguuni, ili kilichomwagwa kitoke. Na mikono yake ile ilivyokuwa imebabuka. Akalivika nailoni, akatandika shuka mbili, akamlaza dada yake, akafunga dirisha.

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Baada ya muda akasema, "Dada, macho yangu yana ukungu." Jasho lilikuwa linamtoka kama aliyetoka shambani. Mate yakaanza kumdondoka, anayafuta, yanadondoka. Mke wangu naye akaanza kubanwa kifua. Hapo Shemeji akasimama, akasema, "Hapa si pa kulala mtu."

Alijaribu kumnyanyua, mikono haikumtii. Akashika pembe mbili za godoro, akalivuta kitandani mpaka likaanguka chini na mgonjwa juu yake. Kisha akalikokota. Kutoka chumba cha nyuma, kupitia ukumbini, kuelekea mlango wa mbele. Alikuwa anasimama kutapika, halafu anavuta tena.

Jirani yetu dereva aliona pembe ya godoro inatokeza mlangoni kwenye mvua. Akaja mbio dukani.

Nilipofika, mke wangu alikuwa amelala kizingitini, nusu ndani nusu nje, uso juu, mvua inamnyeshea. Alikuwa anapumua. Shemeji alikuwa amekaa ameegemea mwimo wa mlango, povu mdomoni, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Pembe ya godoro ilikuwa bado mkononi. Nilimwita, "Shemeji." Sijui kama alinisikia. Nilimbandua vidole kimoja kimoja ili tumwingize kwenye gari.

Hospitali daktari aliuliza jambo moja tu, mara nyingi: dawa gani, chupa iko wapi. Kijana wetu alikuja nayo anakimbia, ameishika kwa mikono miwili. Daktari akaifungua, akainusa kwa mbali.

"Hii ni ya kupulizia mimea," akasema. "Na huko shambani mtu huvaa glavu."

18 Aprili

Shemeji amefariki leo asubuhi.

Mke wangu ataishi. Daktari kasema sumu nyingi iliingilia mikononi mwa yule mwingine. Kasema pia kwamba macho yalipoanza kumwingia ukungu, kama angetoka nje mwenyewe na kunawa, huenda angepona. Sikumuuliza hilo. Alinieleza tu, nadhani akidhani linafariji.

20 Aprili

Tumemzika. Ile pasi sikujua niifanye nini, nimeirudisha kwenye taulo lake.

Kijana alisimama mbali, mvua inampiga, hana mwavuli. Sikumwita asogee.

22 Aprili

Askari walikuja kuuliza. Walimchukua kijana akawaonyeshe muuzaji. Waliporudi, alisema pale pembeni ya soko palikuwa na dimbwi la maji tu. Askari mkubwa akaanza kuandika maelezo, akamtaja kijana peke yake. Nikamwambia, "Tuandike wawili. Mimi ndiye niliyesema fanya." Kijana aliniangalia. Ndiyo mara ya kwanza tumeangaliana.

Wamesema watatuita.

25 Aprili

Leo mke wangu kaniuliza mdogo wake yuko wapi. Nikamwambia amelazwa.

"Wodi... gani?"

Nikaanza kumnyoosha shuka.

"Mimi... mkeo. Usinifiche."

Nikamwambia. Alifumba macho. Nilidhani amelala, nikakaa nikisikiliza mvua kwenye mabati ya wodi. Halafu akaanza kusema, ikachukua muda mrefu. Kwamba alipokuwa anakokotwa alimwambia mdogo wake amwache, atoke.

"Akasema nini?"

"Akasema... nyamaza. Maneno... yanaongeza uzito."

Ningeandika kwamba alilia. Hakulia. Aliomba nimgeuze aangalie ukuta.

2 Mei

Tumerudi nyumbani. Lile godoro watu wa hospitali walikuja kulichukua, wakalifukia. Nimenunua jipya, la sponji kama lile, nikalishonea mfuko wa nailoni kwa mashine ya jirani. Umekwenda upande, lakini umefunga. Chumba nimekisugua mara saba, nimevaa glavu za dereva, madirisha wazi.

Nimekagua kila ufa. Hakuna kunguni hata mmoja, hakuna yai. Ile dawa ilifanya kazi yake.

4 Mei

Kushoto, chali, kulia. Kidonda kinapungua. Bega langu limeanza kugoma.

6 Mei

Nimefungua duka. Mwalimu mstaafu alikuja, nikamnyoa. Nikamfuta shingo. Akasema, "Pole, fundi." Nikasema, "Asante." Hakuja mwingine.

Nafunga mapema, kwa sababu mtu wa kumgeuza hayupo.

9 Mei

Kijana amekuja. Si Jumapili. Alikaa barazani muda, nikamwona kupitia dirishani, anaangalia mikono yake. Sikutoka. Mwishowe mke wangu ndiye aliyesema, "Mwite."

Aliingia mpaka kitandani. Akapiga magoti, akamtazama mama yake, na safari hii hakutazama dirisha.

"Mama, nisamehe."

Mke wangu alimwangalia mpaka nikaona aibu kuwapo.

"Msamaha huo," akasema, "si wangu. Mwenyewe... mmemzika." Akavuta pumzi. "Muda umefika. Nigeuze."

Kijana akanigeukia mimi. Sikusogea. Akasimama, akatia mikono chini ya mgongo wa mama yake kama anayeokota vioo.

"Si hapo," nikamwambia. "Mkono mmoja begani. Mwingine chini ya nyonga, mbali na kidonda. Usivute ngozi. Mbebe."

Akajaribu. Mama yake akaguna kwa maumivu, naye akamwachia akarudi nyuma, mikono juu.

"Nimekuumiza?"

"Ndiyo," akasema. "Shika tena."